Bomba la Mtokauka

Paliondokea nchi moja, nayo kwa bahati mbaya haijaondoka mpaka leo. Jina lake silitaji. Si woga. Sheria inataka kila anayelitaja awe amesimama wima, mikono imebana mapajani, nami ninaandika nimekaa kwa sababu nina goti bovu. Itoshe kusema ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, na ina wizara thelathini na nne, ambazo ni thelathini na mbili zaidi ya mito yake.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa Kiswahili. Nilifundisha miaka thelathini na saba, na katika miaka hiyo yote hakuna mtoto aliyesema "ekzosi" mbele yangu bila kurekebishwa. Nalitaja hili mapema kwa sababu ndilo kosa langu, na nisingependa mlisikie kwa watu wengine.

Kwanza niwaeleze Amri ya Utulivu. Amri hiyo ilizaliwa uwanjani. Mheshimiwa Mkuu alikuwa akilihutubia taifa, amefika mahali penyewe, ameinua kidole, amesema, "Na sasa, ndugu wananchi, ninaahidi kwamba," mara nje ya uwanja ikapita pikipiki yenye ekzosi ya kubandika, mlio wake kama mabati yanayoburutwa kwenye lami. Ahadi haikusikika. Watu walipiga makofi kama ilivyo ada. Kesho yake waandishi wa habari wakauliza ni nini kilichoahidiwa, na Mheshimiwa mwenyewe hakukumbuka. Ikaundwa tume. Tume ilikaa miezi kumi na minne katika hoteli yenye bwawa la kuogelea, ikatoa taarifa kwamba ahadi ilikuwepo, ilikuwa kubwa, na ilizimwa na ekzosi. Tangu siku hiyo kila kinachokosekana nchini, kiwe dawa, dawati au daraja, tunaambiwa huenda kilikuwamo katika ahadi ile.

Ndipo ikaamriwa kwamba pikipiki isivae ekzosi nyingine ila ile iliyotoka nayo kiwandani, isipokuwa kwa kibali maalumu. Pikipiki itakayosikika ikinguruma inakamatwa na kuwekwa kituoni mpaka itulie. Ziko pale pikipiki ambazo zina miaka minne, kuku wametagia kwenye matangi yake, na bado hazijathibitishwa kuwa zimetulia.

*

Kijiji chetu kinaitwa Mtokauka, na jina ni maelezo tosha. Maji yako Kwamtindi, kilomita kumi na moja, nyuma ya mlima wa mawe matupu. Si kwamba serikali imetusahau. Imetupima mara saba. Wapimaji walikuja na vigingi vyekundu, wakaja na vigingi vyeupe, na safari moja wakaja na vigingi vya njano ambavyo tuliambiwa ni vya kuhakiki vile vyekundu. Maji hayakuja, lakini vigingi vilitufaa kwa kuni.

Aliyetuletea maji ni Mbaruku. Ni mtu wa miaka thelathini na kitu, maneno machache, pikipiki moja. Alikuwa akifunga madumu sita kwa kamba za mpira, anapanda mlima, anarudi, anapanda tena, mpaka jua linachwea. Safari ya kwanza ya kila siku ilikuwa ya zahanati, kwa Bi Mashavu, muuguzi anayezalisha wanawake wa vijiji vitatu. Bi Mashavu alikuwa akisema kwamba dawa anaweza kuzikosa akajikuna kichwa akapata njia, lakini bila maji mlango wa chumba cha kujifungulia haufunguliwi, kwa sababu hakuna njia ya kunawa kwa kujikuna kichwa. Na mwaka ule Mbaruku alikuwa na sababu yake ya ziada ya kuiwahisha safari hiyo. Mkewe, Tunu, alikuwa na mimba ya miezi saba. Mbili za kabla yake ziliharibika.

Basi asubuhi moja, kwenye kona ya mlima, ekzosi ikaanguka. Haikuanguka kwa ghafla ya kushangaza mtu. Ilikuwa imeoza siku nyingi, imezungushiwa waya na kipande cha kopo la mafuta ya kupikia. Mbaruku aliingia kijijini na injini tupu, na ule mlio mimi nilidhani ni kiama, nikaanza kutubu kwa sauti, jambo ambalo jirani zangu hawajaacha kunitania. Pikipiki ilikuwa nzima. Lakini chini ya mlima wa Kwamtindi kuna kizuizi cha polisi, na hakuna njia ya kukipita kizuizi na injini inayonguruma vile.

Fundi Kindamba aliichunguza akiwa amechuchumaa. Akasema ekzosi yake halisi haipatikani tena, kiwanda kimeshaacha kutengeneza pikipiki za aina ile. Anayo nyingine, ya pikipiki kubwa zaidi. Ataikata, ataichomelea mdomo mpya wa kukutana na injini, ataitengenezea kishikizo.

"Nusu siku, mzee," aliniambia. "Ila sigusi bila karatasi. Mtungi wangu wa kwanza wa gesi waliuchukua mwaka juzi, mpaka leo nauona nyuma ya uzio wa kituo."

Kwa hiyo ilitakiwa barua ya kuomba kibali, na katika kijiji chetu barua zote naandika mimi.

*

Mbaruku alisimama mlangoni, akanipa shikamoo, akaniomba niandike maneno machache tu: pikipiki, ekzosi imeanguka, anaomba kufunga nyingine.

Nilimwambia neno hilo sitaliandika.

"Mwalimu, andika tu ekzosi. Kila mtu anaijua."

Sikuandika. Nilimpa somo. Nilimweleza kwamba taifa linaloazima neno la kuuitia moshi wake lenyewe litaazima mpaka neno la kulilia. Nilimweleza ngeli. Alisikiliza akiwa ameshika madumu mawili matupu, akitazama jua. Hatimaye nikaandika "bomba la moshi", neno safi, la kwetu. Kisha nikafikiri zaidi, na hapo ndipo ilipokuwa balaa, maana mtu wa umri wangu hapaswi kufikiri mara mbili juu ya jambo moja. Nikaona neno "moshi" litawakumbusha sheria ya uchafuzi wa hewa. Nikalifuta. Baadaye nilikuja kusoma kwamba hata bomba tulilichukua kwa Wareno, lakini barua ilikuwa imeshakwenda.

Barua yenyewe ilisema hivi: "Mimi Mbaruku Sefu, mkazi wa Mtokauka, naomba kwa unyenyekevu kibali cha kufungiwa bomba jipya. Bomba la zamani limeoza na kudondoka, na tangu lidondoke wananchi wa kijiji hiki wanapata taabu kubwa ya maji."

Hakuna neno la uongo humo. Mpaka leo naisoma natafuta, sioni.

*

Katika nchi yetu barua ya baba hujibiwa kwa mwana. Yetu ilijibiwa kwa siku tisa. Ilikuwa imebaki miezi mitatu kufika uchaguzi, lakini sisemi kwamba haya mawili yanahusiana, kwa sababu kusema hivyo ni kosa la jinai.

Jibu lilipigwa mhuri mara nne. "Ombi lako la bomba limepokewa kwa bashasha na kukubaliwa. Wizara inakupongeza kwa kuwa mwananchi wa kwanza wilayani kuomba bomba moja tu." Mbaruku akacheka. Alikuwa hajacheka tangu siku ya mlima. Akataka kukimbilia kwa Kindamba. Mimi ndiye niliyeona mstari wa mwisho: "Usifunge kitu chochote mpaka wataalamu wa maji watakapofika."

"Wataalamu wa maji wa nini?" akaniuliza.

Nikairudia barua tangu juu.

Tulikwenda wilayani, sehemu kwa miguu, sehemu juu ya lori la mkaa. Afisa Mabomba wa Wilaya, Bwana Kilongola, alitupokea vizuri mno. Katika ofisi zetu mtu akikupokea vizuri mno, ujue jambo limeshaharibika. Alitukalisha, akafungua jalada, akatuonyesha jedwali. Mbele ya jina Mtokauka, mahali palipokuwa na sifuri tangu uhuru, pameandikwa moja, kwa wino wa kijani, na mtu amechora ua pembeni.

Nikamwambia kuna kosa dogo. Kwamba bomba lile si bomba la maji. Ni, nikameza mate, ni ekzosi. Miaka thelathini na saba sijalitamka neno hilo, na siku nilipolitamka lilikuwa halina kazi tena.

Bwana Kilongola akafungua kitabu cha sheria, akapitisha kidole taratibu. Akasema ekzosi haimo. Bomba limo mara mia mbili na sita. Akaeleza, bila hasira, kwamba bomba letu liko kwenye taarifa, taarifa imekwenda kwa Katibu, Katibu ameipeleka kwa Waziri, na Waziri ameshaisoma bungeni, na wabunge wameshagonga meza. Mbaruku akamwomba alifute tu, yaishe.

"Takwimu hazirudi nyuma, ndugu yangu," alisema Bwana Kilongola. "Zikirudi, zinarudi na mimi."

Halafu akatufariji. Akasema, wewe unataka kitu kifungwe, sisi tunataka kitu kifungwe, sasa tunagombania nini? Kwetu kitakuwa bomba, kwako kitakuwa hicho unachokiita, na kila mtu atalala usingizi. Mbaruku akanitazama. Nami, mtu mzima na mvi zangu, nikatikisa kichwa kukubali. Lilionekana jambo la busara kabisa, na nimegundua kwamba watu hawaingizwi mtegoni na ujinga nusu ya wanavyoingizwa na busara za namna hii.

*

Wataalamu wa maji walifika wiki ya tatu. Walikuwa mhandisi mmoja na wasaidizi wawili, wamekuja na pimamaji ya fundi mwashi, nacho ndicho kifaa pekee walichokuwa nacho chenye maji katika jina lake. Walipoiona pikipiki waliizunguka mara mbili. Mhandisi akauliza chanzo kiko wapi. Kindamba akamwonyesha tangi la petroli. Mhandisi akaandika.

Lakini niseme haki, siku ile nilimwona Kindamba akifanya kazi. Alilowesha boliti za zamani kwa oili chafu, akazipasha moto, moja ikatoka, ya pili ikakatika ndani, akaitoboa kwa subira mpaka ikaachia. Akaweka pete mpya ya shaba. Ekzosi ile kubwa ilizidi kwa shibiri nzima na kumgonga mpandaji kisigino, akaikata, akaiinua kidogo nyuma, akaichomelea kishikizo kwenye chuma cha kukanyagia. Akakaza huku kidogo, kule kidogo, huku tena, isije ikakaa upande. Alipowasha, injini ilitoa sauti ya chini, nzito, ya adabu. Akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilichokunjwa. Injini ikajikaza, ikazima. Hakuna hewa inayovuja popote. Kindamba akatabasamu, akafuta mikono.

"Linatoa nini?" akauliza mhandisi.

"Moshi, mkubwa."

Mhandisi akasogeza kiganja, akahisi upepo, akaridhika. Akasema mabomba yote ya wizara huanza kwa kutoa hewa, mengine yana miaka sita yangali kwenye hewa. Akaandika: "Bomba limefungwa kitaalamu. Kwa sasa linatoa hewa." Akapiga mhuri.

Mbaruku alikuwa ameshaanza kufunga madumu. Zahanati ilikuwa haijapata tone tangu juzi, wanawake wetu walikuwa wakitoka alfajiri na kurudi adhuhuri na dumu moja kichwani, na Tunu alikuwa ameingia mwezi wa tisa. Mhandisi akamwekea mkono begani. Akamweleza kwamba mradi wa umma hautumiki kabla ya kuzinduliwa, kwa sababu ukitumika kabla, Waziri atazindua nini?

*

Tukangoja uzinduzi. Anayesema haraka haraka haina baraka aje akae Mtokauka.

Wiki ya kwanza Bi Mashavu alifunga chumba cha kujifungulia. Alinikuta nyumbani kwangu, akiwa na sare yake ambayo haijafuliwa siku nane, na hakunisalimu.

"Mwalimu, nizalishe watu kwa mate?"

Nilimwambia nimeandika barua nyingine. Akasema nisiandike chochote tena, aliniomba kama mtu anavyomwomba mlevi asishike usukani, akaondoka.

Wiki ya pili alikuja Bwana Kilongola na mafundi wa zege. Mwongozo wa Mabomba, kifungu cha kumi na tisa, unataka kila bomba la umma lisimame katika jukwaa la zege, lisije likaibwa au likahama. Mbaruku aliposikia alikwenda akakaa juu ya pikipiki yake, mikono kwenye usukani, akasema hashuki. Akauliza, pikipiki ikiwa ndani ya zege yeye atabebaje maji?

Bwana Kilongola alimshangaa kwa moyo safi. "Kwa nini ubebe maji, na bomba liko hapa?"

Ukitaka kujua tunavyochoshwa, jaribu kulijibu swali hilo. Mimi nimejaribu mpaka usingizini. Mbaruku alikaa pale tangu asubuhi mpaka alasiri, hali wala hanywi, na watu wakakaa naye. Mwishowe Bwana Kilongola akamsogelea, akamnong'oneza kiungwana kwamba hili ni zege la uzinduzi tu, Waziri akishaondoka litavunjwa, wala gurudumu halitaharibika. Akaapa kwa wanawe. Mbaruku alikuwa na mke nyumbani wa kumwangalia. Akashuka.

Na zege, kama mjuavyo, halikorogwi kwa mate. Likaja lori la maji. Lita elfu kumi na mbili, Mtokauka, kijiji kilichopimwa mara saba. Likaegeshwa na mlinzi mwenye bunduki, kwa kuwa maji yale yalikuwa mali ya mradi. Wanawake wakaja na ndoo wakasimama mbali. Mlinzi hakuwa mtu mbaya, alikuwa akitazama pembeni kwa aibu, lakini alitazama pembeni na bunduki mkononi. Zege likakorogwa. Magurudumu yote mawili yakazama mpaka ekseli. Maji yaliyobaki yakamwagwa barabarani siku ya uzinduzi, kilomita mbili, kulaza vumbi, ili gari la Waziri lisichafuke.

Bi Mashavu alitoka na shuka, akaifuta barabara, akaenda kuikamulia kwenye beseni. Yalitoka matope.

*

Waziri wa Mabomba alifika saa sita mchana, ahadi ikiwa saa mbili. Ni mtu mnene wa sauti nzuri. Pikipiki ilikuwa imevishwa utepe, imesimama ndani ya zege lake, ekzosi ikielekea hadhira. Mbele waliwekwa wanawake wenye ndoo. Mpiga picha wa wizara aliwapanga mwenyewe, na alipomwona Tunu na tumbo lake akafurahi, akamvuta mstari wa kwanza kabisa, akisema mjamzito anapendeza kwenye picha za maji. Tunu alikuwa ameshika kiuno tangu asubuhi. Mbaruku alitaka kumtoa, akaambiwa asiharibu mpangilio.

Waziri akahutubia. Alisema wapo wapinzani wanaouliza maji yako wapi, na kwamba hilo ni swali la watu wasiosoma. Bomba kwanza, maji baadaye, kama vile nyumba kwanza, wageni baadaye. Hakuna mgeni anayekuja mahali pasipo na nyumba.

"Wahenga walisema, lisemwalo lipo, na kama halipo laja," alisema, akinyoosha mkono kuelekea ekzosi. "Maji yamesemwa. Nimeyasema mimi, bungeni. Kwa hiyo yapo. Na kama hayapo, yanakuja."

Vigelegele. Waziri akakata utepe, akazungusha ufunguo, akapiga stata. Injini ikaitika kwa ile sauti yake ya adabu. Mpiga picha akawaashiria wanawake wainamishe ndoo, nao wakakinga, wakageuza nyuso kukwepa moshi. Kisha Waziri akachomoa ufunguo kabisa, akautia mfukoni kuwa kumbukumbu ya wizara, na kwa kuwa Kindamba alikuwa ameshaunganisha waya moja kwa moja kwa sababu swichi ya pikipiki ile ni mbovu siku nyingi, injini haikuzima. Watu wa wizara waliliona hilo ni muujiza.

Waziri akakinga bilauri mdomoni mwa ekzosi. Sasa wajuao pikipiki wanajua kwamba ekzosi ya injini iliyolala siku nyingi, ikiwashwa, hutema matone. Ni jasho tu la chuma. Yakadondoka matatu, meusi. Waziri akaiinua bilauri juu, kamera zikamulika, na watu wakapiga makofi, Mungu atusamehe, hata mimi.

Akampa Mbaruku bilauri anywe, yeye akiwa mwombaji.

Mbaruku hakuipokea. Akasema, polepole, kwenye kipaza sauti alichosogezewa, "Mheshimiwa, hii ni pikipiki."

Makofi yakakatika, injini ikaendelea. Bwana Kilongola alifumba macho. Waziri hakukasirika. Alitabasamu, akauliza ni nani aliyeandika ombi. Wakanionyesha. Nikasogezwa mbele na askari wawili, mmoja kila upande, kwa heshima zote. Waziri akaniambia amesikia mimi ni mwalimu wa Kiswahili, mtu wa kuaminiwa kwa maneno. Akaniomba niwaambie wananchi, kwa Kiswahili sanifu, kile ni nini.

Nilimwona Mbaruku. Nilimwona Bi Mashavu, amesimama na mikono yake isiyonawa. Nilimwona Tunu ameweka ndoo chini, amejikunja. Nilikuwa na neno moja la kusema, na kwa mara ya kwanza maishani lilikuwa lile lile ambalo kila mtu analijua. Lakini nilikuwa na goti bovu, na pensheni, na askari wawili.

"Bomba, Mheshimiwa," nikasema.

Na kwa kuwa vijana wetu siku hizi wakisema bomba wana maana ya kitu kizuri kupita kiasi, uwanja wote ulilipuka kwa kicheko na shangwe. Waziri akanikumbatia. Gazeti la kesho yake lilibeba picha yangu, na maandishi makubwa: MTOKAUKA YASEMA NI BOMBA.

*

Kabla vumbi la msafara halijatua, Bwana Kilongola aliwasomea watu tangazo la mwisho. Kwa kuwa Mtokauka sasa ina bomba, imefutwa katika orodha ya vijiji visivyo na maji, na zege lisiguswe, kwa kuwa Waziri amelikanyaga. Mbaruku alimkumbusha kiapo. Bwana Kilongola akasema kweli aliapa, na akamwomba radhi, na macho yake yalikuwa mekundu, kisha akapanda gari.

Bi Mashavu, aliyekuwa amemwingiza Tunu zahanati wakati wa shangwe, akapita katikati ya watu. Alimkamata Mbaruku kiwiko, akamwambia kwa sauti ya chini, nami nilikuwa karibu nikasikia, kwamba uchungu wa Tunu umeanza, mtoto ametanguliza matako, na ndani ya zahanati hakuna maji hata ya kulowesha pamba.

Mbaruku aliitazama pikipiki, inanguruma taratibu ndani ya zege, tangi limejaa. Kindamba alikuwa ameshachukua nyundo na tindo, amepiga mara tatu, na mlinzi wa bomba, maana tayari tulikuwa na mlinzi wa bomba, amemsogelea. Kilomita kumi na moja kwenda. Kumi na moja kurudi, na mzigo. Mbaruku hakupiga kelele. Aliokota madumu mawili. Aliponipita alisimama, akachukua ndoo ya mkewe pale chini, akanipa mkononi.

"Bomba ni lako, Mwalimu," alisema. "Mkingie Tunu maji."

Akashika njia ya mlima, nusu anakimbia. Baadhi ya wanawake wakamfuata na ndoo zao. Kutoka zahanati sauti ya Tunu ilianza kusikika, na kila iliponifikia niliinamisha ndoo kidogo zaidi mdomoni mwa ekzosi, sijui kwa nini, kana kwamba tatizo lilikuwa sijakinga vizuri. Nilisimama pale mpaka petroli ikaisha.